Barua ya wazi kwa wakubwa zangu: ile sehemu ya FAKSI msiifute

Shikamooni wakubwa. Naandika huku mtandaoni kwasababu barua ya kwanza niliipeleka kwa sekretari na mpaka leo iko kwenye treii, nimeiona kwa macho yangu, imewekewa kikombe cha chai juu. Kampuni siitaji, wenyewe mnajijua. Na wakubwa wa kampuni nyingine hapa Dar mnaotaka kufanya hiki hiki tunachofanya sisi, kuacha sistimu ya zamani ya invoisi na kuhamia ya kwenye brauza (ile programu ya kufungulia kurasa, kama Chrome), someni tu, hamtapungukiwa.

Mi ni wa kaunta namba mbili, duka la spea mtaa wa Gerezani, mwaka wa 19 huu. Kazi yangu kwenye karatasi ni kutoa invoisi, ila kompyuta ikigoma naitwa mimi, printa ikitafuna karatasi naitwa mimi, kwahiyo na ufundi nimeuokota humo humo njiani bila cheti. Ile sistimu ya skrini ya bluu, maandishi meupe, naijua kama njia ya kwenda chooni usiku umeme umekatika. Naijua hadi makosa yake.

Sasa kabla hamjaniita mzee anayeogopa mabadiliko, naomba niseme wazi kwamba sipingi. Kuhamia kwenye brauza lazima tuhamie, na sababu nazijua pengine kuliko nyie. Ile programu imeandikwa kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu ya mwaka 1985, na fundi aliyeiandika kashastaafu karudi kwao Tanga, simu anapokea akijisikia. Inakubali tu kwenye Windows ya biti 32, ile aina ya zamani, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, na Windows 10 yenyewe Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwahiyo kila mashine ikifa tunazunguka Kariakoo kutafuta kompyuta kuukuu kama watu wanaotafuta gia boksi ya gari ambalo halitengenezwi tena. Umeme ukikatika ghafla yale mafaili ya indeksi, ya kutafutia bidhaa, yanaharibika, unatafuta klachi pleti inakuletea brek pedi, inabidi wote watoke kwenye sistimu nipange upya nusu saa nzima wateja wanapiga kaunta na funguo. Tawi la Mbeya mpaka leo wanasoma stoku kwa simu! Yani mtu anasoma, mwingine anaandika, 2026 hii. Kwahiyo kuhama sawa, tena mmechelewa.

Ugomvi wangu uko kwenye namna mnavyohama.

Siku ile mlipotuita ghorofani kuonyeshwa sistimu mpya, kwenye AC, soda na sambusa, wale vijana wanaoiandika walileta kitu kizuri kweli. Rangi nzuri, picha za bidhaa, vimshale vinazunguka. Walikuwa wameingiza bidhaa 12 za mfano. Sisi tuna zaidi ya elfu kumi na moja. Kijana akabofya kwenye orodha, zikashuka zile 12 vizuri, mkapiga makofi. Nami nilipiga, sio kwamba sina adabu. Afu meneja akauliza mbona kwenye ukurasa wa mteja kuna nafasi imebaki, kijana akacheka akasema hapo palikuwa na sehemu ya faksi, tumeifuta, nani anatumia faksi siku hizi? Watu wote wakacheka.

Mi sikucheka. Wakubwa, kwenye ile sehemu ya faksi hatujawahi kuandika namba ya faksi tangu mimi naanza kazi. Pale ndio tunaandika namba ya simu ya dereva au utingo aliyeruhusiwa kuchukua mzigo wa mteja wa mkoani. Mteja yuko Songea, ametuma hela, anasema mzigo mpeni fulani wa lori fulani. Sistimu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo, na fundi alituambia kuongeza sehemu mpya ni gharama, basi yule dada aliyekuwa kaunta kabla yangu akaona faksi imekaa bure akaitumia. Tangu hapo mlinzi wa stoo haachii mzigo bila kupiga namba iliyochapwa kwenye mstari wa faksi. Hiyo ndio kufuli ya stoo yenu. Haijaandikwa kwenye kitabu chochote, hakuna mtu aliyewahi kuipitisha kwenye kikao, na vijana wameifuta kwa kicheko siku moja kati ya sambusa ya kwanza na ya pili.

Na sio hiyo tu. Bei ikiwa 9,999,999 maana yake sio milioni kumi kasoro, maana yake usiuze kabla ya kumuuliza bosi. Jina la mteja likianza na nukta maana yake ana hundi iliyowahi kurudi. Halafu kuna mali kauli. Hapa ndio naomba mnisikilize vizuri maana nusu ya biashara ya Gerezani na Kariakoo inaendeshwa kwa mali kauli, mtu anachukua mzigo asubuhi kwa neno lake, jioni au Jumamosi analeta hela, na kinachobaki anarudisha. Kwenye sistimu ya zamani tunaweka herufi K mwanzoni mwa namba ya oda, mzigo unatoka stoo lakini hauhesabiwi kama mauzo mpaka K iondolewe. Sistimu mpya inataka namba ya TIN, kikomo cha mkopo, na kibali cha meneja kwa imeili, kwa mtu anayechukua bushi nne anazipeleka mtaa wa pili kumwonyesha fundi gari likiwa juu ya jeki. Hadi imeili ijibiwe gari lishashushwa kwenye jeki na mteja kashaenda duka la jirani. Mnaweza kusema ule mtindo wa K ni uchafu, unahitaji kusafishwa, labda ni kweli. Ila huwezi kusafisha kitu ambacho hujui kipo.

Twende kwenye vidole, maana mnaona kama ni kitu kidogo.

Kwenye sistimu ya zamani mkono wangu hauondoki kwenye kibodi. Namba ya bidhaa, Enta, idadi, Enta, bei inakuja yenyewe, Enta, mstari unaofuata, huku namwangalia mteja usoni nampa stori. Invoisi ya mistari 14 dakika mbili. Siku ya majaribio invoisi ile ile kwenye brauza ilinichukua karibu dakika saba, shika mausi, tafuta kisanduku, bofya, rudi kwenye kibodi, andika, shika mausi. Na kibaya kuliko vyote ni Enta. Huku kwetu Enta maana yake nenda mbele hatua moja, kwenye fomu za brauza Enta maana yake tuma fomu yote. Mstari wa kwanza tu nikapiga Enta kwa mazoea, invoisi ikaondoka na bidhaa moja na idadi sifuri. F5 kwetu ni kutafuta mteja, kwenye brauza F5 inapakua ukurasa upya, kila nilichoandika kikayeyuka. Nilipiga F5 mara tatu siku ile na mara zote tatu nilijitukana. Vijana wakasema nitazoea. Sawa nitazoea, lakini kwanini nizoee mimi wakati wanaweza kuiambia ile fomu kwamba Enta iende kisanduku kinachofuata na F5 itafute mteja? Inawezekana, niliwauliza, wakakiri inawezekana, ni kwamba tu hakuna aliyewaambia.

Nina rafiki yangu anakata tiketi za ndege ofisi moja pale Samora. Hizo sistimu za ndege ni za zamani kupita sisi, Sabre ya American Airlines ilianza miaka ya 1960. Yule dada anaandika AN, tarehe, DAR, NBO, vyote vimeshikana kwenye mstari mmoja bila nafasi, anapiga Enta, ndege zote za kwenda Nairobi siku hiyo hizi hapa. Walishaletewa kurasa nzuri za kubofya, wageni wanazipenda maana hazihitaji kukariri, lakini foleni ikiwa ndefu yeye anarudi kwenye mstari wake. Na sistimu yao inamruhusu kurudi, hapo ndipo ninapowaonea wivu. Mgeni ana njia yake ya kubofya na mzoefu ana njia yake ya kuchapa, na wote wanafika.

Printa nayo. Nasikia mnataka kuuza zile Epson za sindano kwasababu zina kelele. Wakubwa, zile ndio pekee zinazogonga karatasi ya nakala tatu kwa mpigo mmoja, nyeupe ya mteja, ya pinki ya stoo, ya njano ya uhasibu. Printa ya leza haigongi, kwahiyo haitoi kaboni, itabidi uchape mara tatu na hapo ndipo mtu anapochapa ya stoo tofauti na ya mteja, wizi unaanzia hapo. Programu ya zamani ilikuwa inatuma maandishi moja kwa moja kwenye printa. Brauza haifanyi hivyo, kwa usalama wake imezuiwa kugusa vifaa vya kompyuta hovyo hovyo, inapitia kile kidirisha cha kuuliza chapa au ghairi, na mistari inaenda kombo, jumla inaangukia kwenye tundu za pembeni. Dawa ipo, kuna kijiprogramu kinawekwa kwenye kila mashine kinapokea kutoka kwenye brauza na kuipeleka kwa printa. Ila kiandikwe kwenye mkataba sasa hivi, kisije kuletwa baadae kama gharama ya ziada.

Sasa hili linalofuata ndio lilinikosesha usingizi kweli. Siku ya majaribio mimi na mwenzangu wa kaunta namba tatu tuliamua kuwajaribu vijana. Tukaitafuta gia boksi ambayo stoo imebaki moja. Mimi nikafungua, yeye akafungua, mimi nikauza, yeye akauza. Sistimu ikatuambia wote hongera. Stoku ikasoma hasi moja. Kwenye ile ya zamani ukifungua rekodi mwenzio anaandikiwa inatumika na mtu mwingine, subiri, na tulikuwa tunaitukana kwa hilo neno subiri kumbe ilikuwa inatulinda. Afu nikabofya hifadhi, mtandao ukawa mzito, nikabofya tena kama ambavyo binadamu yeyote angefanya, zikatoka invoisi mbili. Fikirieni mbili hizo zimeungwa na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, risiti ishatoka, nani anaenda kueleza?

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta ndio alinieleza kwanini. Anasema huyo mzungu Tim Berners-Lee alipobuni wavuti mwaka 1989 kule CERN, kituo cha utafiti cha Uswisi, alitaka wanasayansi wasomeane nyaraka. Unaomba ukurasa, seva (ile kompyuta kuu) inakupa, afu inakusahau kabisa kama muuza karanga wa kwenye foleni ya Tazara. Kwa kusoma haina shida, lakini kwa kuuza gia boksi ya mwisho seva inabidi ifundishwe kukumbuka kwamba bidhaa imeshikwa, na kwamba invoisi hii imeshatumwa mara moja. Mafundi wazoefu wanajua kufanya hivyo, sio uchawi. Basi waulizeni mbele yetu wamefanyaje, na waonyeshe kwa watu wawili kwenye mashine mbili, sio kwa mtu mmoja kwenye projekta.

Halafu kuna hii ishu ya intaneti ambayo naona hata kwenye kikao mlichanganya. Brauza sio intaneti! Sistimu ya brauza inaweza kukaa kwenye seva ndani ya jengo letu, kaunta zikaisoma kwa waya wa ofisini, hata intaneti ya mji mzima ikifa sisi tunauza. Mlichosaini nyie kinakaa kwenye seva nje ya nchi. Mwezi wa tano 2024 mlikuwa wapi? Nyaya za baharini za Seacom na EASSy zilipata hitilafu kwa pamoja, nchi nzima ikawa inatambaa, na sisi siku ile tuliuza kama kawaida na skrini yetu ya bluu wakati maduka mengine wanaandika kwenye madaftari. Ingetokea mwakani baada ya kuhama hivi mnavyotaka tungefunga duka. Seva iwe hapa, nakala ya bakapu ndio iende huko nje, matawi ya Mbeya na Mwanza wapite mtandaoni, na kama kuna namna kaunta iendelee na invoisi hata kama mtandao haupo halafu ipeleke ukirudi, hiyo ndio ya kulipia hela, sio picha za bidhaa zinazozunguka.

Na msifungwe kwenye brauza moja wala kidude kimoja. Korea Kusini kule, watu wa teknolojia hasa, walijifunga na kidude cha ActiveX cha Microsoft miaka mingi, ukitaka kuingia benki yako lazima utumie Internet Explorer, brauza ya hao hao Microsoft. Mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini fomu zao zilikuwa za Flash, kidude cha kuongeza kwenye brauza cha kampuni ya Adobe, Adobe wakaizika Flash mwisho wa 2020, Januari 2021 ile mamlaka ikalazimika kutoa brauza yake yenyewe ili watu waendelee kujaza fomu. Na sisi wenyewe mmesahau ile programu ya likizo mliyonunua inayokubali Internet Explorer tu? Microsoft waliifunga Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022, tangu hapo likizo tunaomba kwa karatasi na hakuna aliyeshangaa. Kwahiyo wale vijana waulizeni swali moja tu la kizamani: hii inafunguka kwenye Chrome, Firefox na simu ya Tecno bila kusakinisha kitu? Wakianza kusema inategemea, simamisheni malipo.

Najua nyie kinachowawasha zaidi ni kuona mauzo kwenye simu mkiwa safarini. Hilo halihitaji kuvunja kaunta. Data iko kwenye mafaili ya DBF, yale ya sistimu ya zamani, kuna njia za kuisoma na kuionyesha kwenye ukurasa wa brauza bila kugusa invoisi hata moja, kusoma tu. Anzeni na hiyo. Mkimaliza wapeni Mbeya na Mwanza kuangalia stoku, kusoma tu vile vile. Afu stoo. Afu manunuzi. Kaunta iwe ya mwisho, na ikifika zamu yake sistimu mbili ziende sambamba angalau funga mahesabu ya miezi mitatu na ile hesabu ya stoo ya Desemba, maana ya Desemba ndio inaumbua. Mnakumbuka 2009 VAT iliposhuka kutoka 20 kuja 18? Fundi alikuja na disketi, akabadilisha, akaondoka anapiga mluzi, na ni mwisho wa mwezi ndio tukagundua invoisi zilizorudishwa bado zinakokotoa kwa 20. Vitu vya hivi havionekani kwenye maonyesho ya ghorofani, vinaonekana tarehe 30 saa mbili usiku.

Kuna waliopendekeza njia ya mkato, sistimu ya zamani ibaki chini afu juu yake wavalishe sura ya brauza. Mi kwa miaka miwili mitatu siichukii sana. Lakini indeksi zitaendelea kuharibika huko chini, na Windows yake itazidi kuchakaa, kwahiyo mtu asije akaiita hiyo ndio kuhama.

Nenosiri pia. Hivi sasa sote tunaingia na moja, ipo kwenye kikaratasi chini ya kibodi, na kwa mashine isiyotoka nje ya jengo ilikuwa haina madhara sana. Ikishakuwa kwenye brauza, yoyote aliyeko popote anabisha hodi, na mle ndani kuna namba za simu na madeni ya watu, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 ipo kazini tangu Mei 2023. Kila mtu na la kwake. Hata bosi.

Kwa nyie vijana mnaoiandika, wadogo zangu, sina kinyongo na nyie kabisa. Mmeletewa karatasi ya mahitaji iliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kutoa invoisi hata moja, mngefanyaje? Njooni mkae kaunta. Sio dakika kumi za kupiga picha, njooni Jumamosi kuanzia saa tatu mpaka saa nane, kaeni nyuma yangu na daftari, msiniulize kitu, angalieni tu vidole na mniulize baadae kwanini nimeandika nukta pale. Chai na chapati juu yangu. Jumatatu msije, Jumatatu mali kauli za wiki nzima zinarudi na hapa panakuwa na matusi.

Wakubwa, mengine yote naweza kusubiri kikao. Ila ile faksi naomba irudishwe wiki hii, iiteni jina lolote mnalotaka, maana mmesema majaribio na wateja halisi yanaanza Ijumaa, na Ijumaa ndio gari la Songea linapakia.